Jua Halimngoji Mgeni Rasmi



Juma hili tumeona tuandike juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni mashindano ya baiskeli za milimani. Si kwamba tumeishiwa na mada. Vijana wengi wa huku kwetu Usambara wamezipenda baiskeli hizi, na hatuoni ubaya wowote katika mapenzi hayo. Kijana anayepanda kutoka Soni hadi Lushoto kwa miguu yake mwenyewe, asubuhi na mapema, hana muda wala hamu ya mengi yanayowaharibu wenzake. Tatizo linaanzia pale anaposhuka. Mashindano mengi hufanyika huko chini, kwenye joto, na maandalizi yake yanachukuliwa kana kwamba ni suala la misuli na moyo mkuu tu. Sisi tunathubutu kusema kwamba anayekwenda kushindana katika joto la nchi zetu anahitaji siku za kutosha na saa inayofaa kabla ya kuhitaji ushujaa, na kwamba siku hizo na saa hiyo mara nyingi zimo mikononi mwa watu wengine, wala si mikononi mwake.

Yatupasa kwanza tueleze kisa kilichotufikisha hapa, maana nasi tumo ndani yake.

Kijana mmoja wa kwetu, mwenye umri wa miaka ishirini, alijiandikisha katika mashindano ya namna hiyo katika nyanda za chini za Mkoa wa Tanga. Ilikuwa Februari, mwezi ambao huko chini joto hufika nyuzi 32 na 33 na hewa imejaa unyevu wa bahari. Alikuwa amejiandaa kwa miezi minne, kwa bidii ambayo tuliishuhudia wenyewe. Alipanda hadi Magamba mara tatu kwa juma. Baiskeli yake, aliyoachiwa na mgeni mmoja wa kutoka Ulaya, aliitunza kuliko alivyotunza viatu vyake. Tulimchangia nauli. Akashuka kwa basi siku moja kabla ya mashindano, akalala kwa jamaa, akaamka alfajiri.

Mashindano yalipangwa kuanza saa 1 asubuhi. Saa 2 bado mgeni rasmi hajafika. Saa 3 akatupigia simu: “Shikamoo Padre. Hatujaanza. Jua huku ni kali mno, na maji yangu karibu yaishe.” Tukamjibu, “Marahaba, mwanangu. Jikaze, umeshafika mbali.” Hayo ndiyo maneno tuliyomwambia, na tumeyarudia moyoni mara nyingi tangu siku ile. Hatukumwambia atafute kivuli. Hatukumwuliza amekunywa kiasi gani. Mgeni rasmi alifika baada ya saa 4, hotuba ikasomwa, filimbi ikapulizwa saa 4 na nusu, jua likiwa utosini.

Kabla ya kufika nusu ya njia, akina mama waliokuwa wakichota maji kando ya shamba la mkonge walimwona akiendesha kwa kuyumba, kisha akageuza baiskeli na kuanza kurudi alikotoka. Walipomsemesha aliwajibu kwa ukali, kwa Kisambaa, maneno yasiyoeleweka. Mwanamume mmoja aliyekuwapo alisema kijana amelewa. Mwingine alisema ni malaria imempanda kichwani. Mmoja wa wale mama, ambaye hatulijui jina lake hadi leo, alimgusa shingoni, akamlaza chini ya mwembe, akammwagia ndoo nzima ya maji, na kuwaambia wenzake waendelee kumwaga na kumpepea kwa kanga. Hawakuacha mpaka gari lilipofika. Gari la huduma ya kwanza lilikuwa limeegeshwa jirani na jukwaa.

Alikaa hospitalini siku tisa. Figo zake zilikuwa zimeumia. Leo ni mzima, nasi tunaandika haya kwa ruhusa yake na ya mama yake. Tunaamini wale akina mama wa mkonge ndio waliomwokoa, na tunaamini pia kwamba walifanya kitu ambacho wengi wetu, pamoja na shule zetu, tusingejua kukifanya.

Ni nini hasa kilichompata? Mwili wa mtu anayekanyaga pedeli ni mfano wa jiko lenye ufanisi mdogo. Katika nguvu yote inayotoka kwenye chakula, takriban robo moja tu ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Robo tatu zilizobaki ni joto, na joto hilo lazima litoke. Lisipotoka, mtu anayejitahidi sana anaweza kupandwa na joto la ndani kwa nyuzi moja kila dakika tano hadi nane. Njia kuu ya kulitoa ni jasho. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la kilokalori 580 hivi. Lita hiyohiyo ikidondoka chini kwa sababu hewa imeshiba maji na haiwezi kupokea zaidi, haiondoi karibu chochote; mwili umepoteza maji bure. Ndiyo sababu nyuzi 32 za Tanga ni kali kuliko nyuzi 36 za Dodoma, ingawa mtu akisoma kipimajoto peke yake atadhani kinyume.

Baiskeli ya milimani inaongeza taabu yake yenyewe. Anayeendesha katika barabara ya lami hutengeneza upepo wake mwenyewe, na upepo huo humkausha. Anayepanda kilima chenye mawe kwa mwendo wa kilomita saba au nane kwa saa hana upepo wowote, na mara nyingi yuko kati ya miti au mikonge ambako hewa imesimama. Akishuka, upepo upo, lakini mikono yote miwili imeshika breki na hawezi kuigusa chupa. Wapo wanaobeba mkoba wa maji mgongoni wenye mrija unaofika mdomoni, nasi tunauona ni msaada mkubwa katika njia mbaya, ijapokuwa unaufunika mgongo usipate hewa. Kwa chupa ya kawaida, mazoea mazuri ni kunywa kabla ya kuanza mteremko, wala si baada yake, na kuifunika mdomo, maana njia za huku hupita katika kinyesi cha ng’ombe.

Joto la ndani ya mwili likivuka nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika, huo ni ugonjwa ambao madaktari wetu huuita kiharusi cha joto. Wengi husadiki kwamba mgonjwa wa namna hii huacha kutoka jasho na ngozi yake huwa kavu. Kwa mwanamichezo mara nyingi si hivyo. Anaweza kuwa amelowa chapachapa. Alama ya kuitazama ni akili: anayekuwa mkali bila sababu, anayesahau njia, anayejibu visivyo, anayeyumba. Paracetamol haimsaidii, kwa kuwa hii si homa. Wala kumkimbiza hospitalini kwa mwendo wa saa nzima huku amefunikwa hakumsaidii. Kanuni inayokubalika leo ni kumpoza kwanza na kumsafirisha baadaye, ikiwezekana kumshusha joto ndani ya nusu saa. Kilicho bora ni kumzamisha katika maji yenye barafu hadi shingoni, kichwa chake kikishikwa juu. Pasipo na beseni kubwa, watu wanne hushika turubai kwa pembe zake, mgonjwa akalazwa katikati na maji ya barafu yakamwagwa na kutikiswa. Pasipo na barafu, ni ndoo na kanga, kama wale akina mama.

Sasa turudi kwenye maandalizi, maana kijana wetu alijiandaa vizuri kwa mashindano ambayo hayakuwa yake. Alijiandaa kwa mlima wenye ubaridi.

Mwili huzoea joto, lakini huzoea kwa siku, wala hauharakishwi kwa ujasiri. Mtu anayefanya mazoezi ya saa moja au saa moja na nusu kila siku katika joto la kweli, kwa siku saba hadi kumi na nne, hubadilika ndani kwa namna zinazopimika. Katika siku chache za mwanzo maji ya damu huongezeka, hata moyo ukapunguza mapigo kwa kazi ileile. Kisha jasho huanza kutoka mapema zaidi, kwa wingi zaidi, na likiwa na chumvi kidogo kuliko awali. Mabadiliko haya ni hazina isiyotunzika muda mrefu: baada ya majuma mawili au matatu ya kukaa katika ubaridi, mengi yake huwa yamepotea. Kwa hiyo aliyezoea joto mwezi Desemba hana akiba ya kutumia mwezi Machi.

Tunapenda mkumbuke kwamba elimu hii haikutokana na wanamichezo. Ilitokana na wachimba migodi. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, huko Afrika Kusini, wachimbaji walianza kufa kwa kiharusi cha joto mwaka 1924, kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini na maji yalivyomwagwa ili kuzuia vumbi. Waliokufa zaidi walikuwa wageni wa kazi, katika siku zao za kwanza. Katika miaka ya 1930 daktari wa mgodi mmoja, Aldo Dreosti, alionyesha jinsi ya kuwapima na kuwazoesha wachimbaji wapya kidogo kidogo kabla ya kupewa kazi nzito. Miongo mitatu baadaye kulikuwa na vyumba maalumu vya joto ambamo waajiriwa walipanda na kushuka vidato kwa saa nyingi, siku baada ya siku, kabla ya kushushwa shimoni. Vifo vikapungua sana. Walioandikishwa na lile shirika ambalo wazee wetu waliliita Wenela walitoka Msumbiji, Nyasaland, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata kusini mwa Tanganyika. Wenye migodi hawakufanya hayo kwa huruma, walihesabu gharama. Lakini walihesabu. Sisi tunaopeleka vijana wetu katika michezo hatujafika hata hapo: tunamshusha mtu jioni kutoka kwenye ukungu, na asubuhi tunamwambia ajikaze.

Leo matajiri wa mchezo huu wanalipa fedha nyingi kupata kile ambacho sisi tunacho bure kwa nauli ya basi. Mwingereza Tom Pidcock, aliyeshinda medali ya dhahabu ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya Tokyo tarehe 26 Julai 2021, alikuwa amevunjika mtulinga yapata miezi miwili kabla, na katika muda uliobaki alijizoesha kwa kuendesha baiskeli iliyosimama ndani ya hema lililotiwa joto. Hema hilo sisi tunalo. Linaitwa Mombo. Kutoka Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hadi Mombo, kwenye mita 400 na ushei, ni kilomita thelathini na kitu. Mtu anatoka kwenye sweta na kuingia kwenye tanuri katika muda usiofika saa mbili. Kijana anayeweza kushuka huko kwa siku kumi mfululizo, akaanza kwa mwendo wa pole wa dakika arobaini na kuongeza taratibu hadi saa moja na nusu, atakuwa amefanya zaidi ya aliyenunua magurudumu mapya.

Asiye na nauli ya siku kumi afanye nini? Imethibitika kwamba mtu akimaliza mazoezi yake ya kawaida na kisha akakaa katika maji ya moto ya nyuzi 40, hadi shingoni, kwa dakika thelathini au arobaini, kwa siku sita, hupata sehemu kubwa ya mazoea hayo. Pipa kubwa linatosha. Lakini asiwe peke yake, na atoke taratibu, maana wengi huona kizunguzungu wanaposimama. Mwenye homa, aliyetoka kuugua malaria au kuhara katika siku za karibuni, asijaribu hili wala asiende kwenye mashindano, hata kama ada ya kujiandikisha imekwisha kulipwa.

Kuhusu maji, tumesikia ushauri wa namna mbili, na yote miwili imeua watu. Wa kwanza ni ule wa zamani, kwamba anayekunywa ni dhaifu, na kwamba mwili hufundishwa kukaa bila maji. Mwili haufundishiki hivyo. Wa pili ni wa kisasa, kwamba unywe kadiri uwezavyo kabla hujaona kiu. Katika mbio ndefu za Boston za mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, hasa kwa kunywa kupita kiasi. Mwanamke mmoja katika mbio hizohizo alifariki kwa sababu hiyo. Basi kiasi ni kipi? Hakuna kiasi kimoja kwa watu wote, ila kila mtu anaweza kujua cha kwake. Ajipime uzito kabla ya mazoezi ya saa moja katika joto, na ajipime tena baadaye akiwa amejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Akiona kilo imeongezeka, amekunywa mno. Mizani ya zahanati inatosha kabisa, na wauguzi wa kwetu wamekwisha kuwazoea vijana wanaoingia na kaptura za baiskeli, ijapokuwa mwanzoni walicheka.

Kwa safari inayozidi saa mbili maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, ni mchanganyiko ambao akina mama wamefundishwa kliniki kwa ajili ya watoto wanaohara, na unamfaa pia mwendesha baiskeli. Madafu ni mazuri na tunayapenda, ila yana chumvi kidogo. Ayanywaye aongeze chembe ya chumvi au atafune kitu chenye chumvi. Kuhusu vile vinywaji vya makopo vinavyodai kuongeza nguvu hatuna mengi ya kusema, isipokuwa kwamba vinamfanya mtu asisikie uchovu, na uchovu ndio sauti ya mwisho ya mwili kabla ya hatari. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson alipoanguka na kufa kwenye mlima Ventoux, Ufaransa, katika joto kali, akiwa ametumia vichangamshi. Miguu iliendelea kukanyaga baada ya mwili kukataa. Hali kadhalika vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ambavyo vijana hununua dukani na kumeza asubuhi ya mashindano ili goti lisiume. Katika joto na upungufu wa maji vidonge hivi vinaongeza hatari kwa figo. Kijana wetu alikuwa amemeza viwili. Hatukujua hadi daktari alipouliza.

Mavazi yawe mepesi, ya rangi nyeupe au hafifu, mikono mirefu isiyobana. Kofia ngumu iwe na matundu. Kuhusu baiskeli yenyewe mafundi wanajua kuliko sisi. Tunaomba tu breki zikaguliwe, kwani katika mteremko mrefu zinapata joto kama mwenye nazo, na mtu aliyechoka kwa jua huzishika muda wote.

Tumeyasema hayo kwa anayeshindana. Yafuatayo tunayasema kwa wanaoandaa, nasi hatutatafuna maneno.

Kijana anaweza kutimiza kila tulichokitaja, akashuka Mombo siku kumi, akajipima, akanywa kwa kiasi, akalala mapema. Na yote hayo yakafutwa na saa tatu za kusimama juani akimsubiri mtu mmoja aliye katika gari lenye kiyoyozi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja na mwenyeji akalazwa. Hatumsingizii mgeni yule nia mbaya. Pengine hakuambiwa kwamba watu wanaungua. Lakini waandaaji walikuwa wakiwaona. Kila mmoja aliogopa kuwa yule aliyeanzisha mashindano bila mkubwa, na woga huo ukageuka kuwa kiharusi cha joto katika mwili wa mtu asiyehusika na itifaki yoyote.

Tumejibiwa na baadhi ya watu kwamba joto ni letu, na kwamba babu zetu walilima juani bila kupimwa. Ni kweli walilima. Walianza kukiwa bado giza, wakarudi jua lilipopanda, wakakaa kivulini mchana, na walilizoea jua hilo tangu utoto. Hata wakata mkonge wa leo huingia shambani alfajiri ili wamalize kazi yao kabla ya mchana. Hakuna mkulima mwenye akili anayeanza kulima saa 4 na nusu asubuhi mwezi Februari. Kwa hiyo anayewataja babu anatuunga mkono bila kujua.

Wengine husema ratiba haiwezi kubadilishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Mwaka 2019 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuhamisha mbio za marathoni za Tokyo hadi mji wa Sapporo, ulio kaskazini kwenye ubaridi, pamoja na fedha zote zilizokwisha kutumika. Mwaka huohuo, katika mashindano ya dunia ya riadha huko Doha, marathoni ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane ili kulikwepa jua; hata hivyo, kwa nyuzi 32 na unyevu mwingi, kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Ikiwa usiku wa Doha uliwaangusha wanariadha hodari wa dunia, waliozungukwa na madaktari, tunategemea nini kwa wavulana wa mikoani, mchana, wenye chupa moja kila mmoja?

Basi tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mashindano yaanze saa 12 na nusu asubuhi, yawepo yasiwepo magari ya wakubwa. Mgeni rasmi aalikwe kwa ajili ya kutoa zawadi, ambapo kuchelewa kwake kutawachosha wapiga ngoma tu. Mahali pa kuanzia pawe na kivuli na maji. Katika kila kilima kikubwa wawepo watu wawili wanaojua alama tulizozitaja, wakiwa na mapipa ya maji, turubai na barafu ndani ya maboksi yaleyale ambayo wavuvi wa Tanga huyatumia kila siku. Na awepo mtu mmoja, muuguzi au tabibu, mwenye mamlaka ya kusimamisha mashindano bila kuomba ruhusa ya jukwaa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, tunalijua. Vilevile mtu wa huku milimani akubaliwe kufika siku kumi kabla na kupata pa kulala. Parokia na familia zilizo huko chini zina nafasi, tunachokosa ni kuulizana.

Tumewaandikia waandaaji wa mashindano yale barua yenye maneno haya, kwa lugha ya upole zaidi kidogo. Ni mwezi wa pili sasa na jibu halijafika. Tutaandika tena.

Kijana mwenyewe ameruhusiwa na daktari kurudi kwenye baiskeli, kwa masharti, na baada ya vipimo vya figo kurudiwa mara tatu. Mama yake alikataa kwa muda mrefu, nasi hatukumshawishi, ni yeye mwenyewe aliyekuja siku moja baada ya Misa na kutuambia, “Padre, basi aende, lakini simu yake ikilia uipokee vizuri.” Jumatatu iliyopita ilikuwa siku yake ya nne Mombo. Alipiga simu saa 3 asubuhi, akiwa amekwisha kumaliza. Alipungua kilo moja na robo, alisema, na alikuwa amekaa chini ya mwarobaini karibu na stendi akinywa maji yake ya chumvi na sukari, ambayo hayapendi. Tukamwuliza kama kichwa kinauma. Akasema hapana, ila anasikia njaa. Tukamwambia apumzike, asubiri basi la saa 5, asijaribu kupandisha mlima kwa miguu yake.

“Sijachoka, Padre,” akasema.

Tukamwambia asubiri basi.